Uyoga Unamlinda Nani?

Kwenye makopo ya unga wa uyoga yanayouzwa mjini siku hizi kuna sentensi moja inayonikosesha raha: "Hulinda seli zako dhidi ya uharibifu wa vinasaba." Mara imeandikwa kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili kinachonuka tafsiri ya mashine, lakini maana ni ileile. Ingekuwa ya uongo mtupu ningeipita kama ninavyoyapita matangazo ya dawa za nguvu za kiume yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme. Shida ni kwamba, ukiitazama kwa upande mmoja, ni ya kweli. Na mimi ni mmoja wa watu wanaoutengeneza ukweli wa aina hiyo.

Nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu, nikimweleza mtu niliyekaa naye kwenye daladala, ni huu: nachukua uyoga mgumu kama ubao, ule unaoota ubavuni mwa miti na ambao hakuna anayeupika, jamii ya Ganoderma ambayo Wajapani huita reishi na Wachina lingzhi. Naukausha, nausaga, nauchemsha, nauchuja. Maji yanayobaki, yenye rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana jikoni, ndiyo tunayoyaita mchujo. Kisha nachukua chembe nyeupe za damu ya binadamu, nazilaza kwenye mchujo huo, halafu nazishambulia kwa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayotumika saluni kupausha nywele. Mwishoni naangalia DNA yake imekatika kiasi gani.

Njia ya kuangalia ina jina zuri: kipimo cha nyotamkia. Kilichapishwa kwanza mwaka 1984 na Östling na Johanson wa Sweden, na mwaka 1988 Singh na wenzake wakakiboresha hadi kikakaribia kabisa hiki tunachokitumia leo. Unachanganya seli na jeli ya vuguvugu, unaipaka juu ya kipande cha kioo, unaiacha igande. Unaitumbukiza kwenye maji ya chumvi na sabuni kali, ambayo huyeyusha ngozi ya seli na karibu kila kilichomo ndani, hadi inabaki DNA peke yake imejikunja kama donge la uzi. Unaihamishia kwenye maji yenye magadi makali, unapitisha umeme. DNA nzima haiendi popote, ni kubwa mno. Lakini ile iliyokatika huvutwa na umeme ikatoka kwenye donge na kuburuzika. Ukishaitia rangi inayong'aa, chini ya hadubini unaona kichwa na mkia, kweli kama nyota inayopita. Mkia mrefu, jeraha kubwa. Kazi hii hufanywa kwenye mwanga hafifu, maana hata taa ya dari yaweza kuongeza majeraha ambayo hukuyakusudia. Mojawapo ya rangi zinazotumika, ethidium bromide, hushikwa kwa glavu kwa sababu yenyewe hujipenyeza kwenye DNA. (Hapo tu pana insha nyingine, kuhusu kifaa cha kuonyesha jeraha ambacho nacho chaweza kujeruhi. Siku nyingine.)

Watafiti wa nchi mbalimbali wameshaona kwamba michujo ya reishi na jamaa zake hufupisha mikia hiyo. Seli zilizolala kwenye mchujo hutoka vitani zikiwa na majeraha machache kuliko zile ambazo hazikupewa kitu. Si uchawi. Peroksaidi ndani ya seli huzaa chembe kali zinazoitwa radikali huru, nazo hung'ata DNA. Mchujo una vitu vinavyozituliza kabla hazijang'ata. Basi, mwenye kopo akisema uyoga hulinda seli, ana la kuonyesha.

Ila kuna hatua moja katika kazi hii ambayo mtu mwenye haraka hutamani kuiruka, nayo ni kuosha. Baada ya seli kukaa kwenye mchujo, inabidi uzioshe kabla ya kumimina peroksaidi. Usipoziosha, mchujo na peroksaidi hukutana nje ya seli, ndani ya maji, vikamalizana vyenyewe huko. Seli haikushambuliwa kabisa. Mikia itakuwa mifupi ajabu na mchoro wako utapendeza, lakini utakuwa umemsifu mlinzi wa getini kwa sababu mwizi aligongwa na bodaboda njiani. Kila nikisoma makala yenye matokeo mazuri kupita kiasi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni kama waliosha.

Na hata ukiosha, seli ile haikunywa uyoga. Haina tumbo wala utumbo wala ini. Mchujo uliifikia moja kwa moja, kwa ukolezi niliouchagua mimi. Mtu akikoroga kijiko cha unga kwenye kikombe cha maji moto, hadithi ni tofauti kabisa. Sukari kubwa za uyoga zinazoitwa beta-glukani, ambazo ndizo husifiwa zaidi, mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuzivunja. Sehemu kubwa husafiri utumbo mzima bila kuingia kwenye damu kama zilivyo. Vitu vingine huingia, ini likavibadilisha, figo likavitoa. Kwa hiyo katika ile sentensi ya kopo neno "hulinda" lina ushahidi fulani, neno "seli" lina ushahidi, lakini neno "zako" limerukia gari likiwa kwenye mwendo.

Tena seli iliyo mwilini haisubiri mlinzi wa kununuliwa. DNA huharibika kila siku kwa sababu ya joto, maji na pumzi tu ya kawaida, na seli ina mafundi wake wa kudumu wa kuirekebisha. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kueleza jinsi mafundi hao wanavyofanya kazi. Mkia uliofupika kwa saa moja kwenye kioo na saratani iliyozuiwa kwa miaka ishirini ndani ya mtu ni mambo mawili yaliyo mbalimbali sana.

Umbali huo ulishawahi kupimwa, kwa gharama. Miaka ya themanini watafiti wa Finland waliwachukua wanaume wavutaji sigara 29,133. Wakati huo beta-karotini, kile kitu kinachoipa karoti rangi yake, ilikuwa na sifa zote nzuri: ilituliza radikali huru, na watu wenye karotini nyingi kwenye damu walionekana kupata saratani ya mapafu kidogo. Wakagawa vidonge, kundi moja likapata vya karotini na jingine vitupu. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani kulikuwa na jaribio jingine linalofanana na hilo, likasimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ileile. Sisemi uyoga utafanya hivyo. Nasema kwamba kuna wakati kitu kilicholinda seli kwenye kioo kilipewa binadamu kwa nia njema kabisa, na binadamu wakaumia, nasi tuliojiunga na fani hii baadaye hatuna haki ya kujifanya hatukusikia.

Kwa haki, niseme pia upande wa uyoga. Japani iliidhinisha dawa mbili zitokanazo na uyoga zitumike pamoja na matibabu ya saratani: krestin mwaka 1977 na lentinan mwaka 1985. Zilisafishwa, zikapewa dozi, zikajaribiwa kwa wagonjwa. Lentinan huingizwa mwilini kwa sindano, haikorogwi kwenye kahawa. Na hoja yake ilikuwa kuamsha kinga ya mwili, wala si kulinda vinasaba. Kuhusu reishi yenyewe, wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyokidhi vigezo vyao, wakapata matano, yenye wagonjwa 373 kwa jumla. Hawakuona msingi wa kuifanya tiba ya kwanza ya saratani. Waliona dalili kwamba ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida huenda ikasaidia, lakini majaribio yenyewe hayakuwa na ubora wa kutegemewa sana. Huo si upuuzi wa kutupwa. Ni ushahidi mwembamba, na mwembamba una namna yake ya kusemwa.

Mambo haya yalikuwa kwangu ya darasani mpaka Mama mdogo aliponipigia simu.

Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo kwanza wamempangia mionzi, na mara moja kwa wiki dripu ya cisplatin. Mama mmoja wa jumuiya yao alikuwa amemletea kopo. Karibu laki moja. Huyo mama simwiti tapeli, maana anakunywa unga huohuo kila asubuhi na anauamini kama anavyoiamini rozari yake. Kwenye simu yake alikuwa na muhtasari wa utafiti, wa kweli, wa aina ileile ninayoifanya mimi: seli, peroksaidi, mikia mifupi.

"Marahaba mwanangu," Mama mdogo alisema. "Hivi wewe si ndiye unayeusomea huu uyoga? Eti unalinda vinasaba visiharibike. Ninywe?"

Swali lile halina nafasi ya kujibu kwa mikrogramu kwa mililita. Nikamuuliza kama ameshaelezwa mionzi inafanya nini. Akasema wanachoma uvimbe. Nikamwambia ndiyo, na wanauchoma kwa kuzikata DNA zake. Mionzi ikipita mwilini huyagonga maji yaliyomo kwenye seli, yanazaa zile chembe kali, nazo zinang'ata. Ile dripu nayo hujibandika kwenye DNA hadi seli inashindwa kugawanyika. Yaani hospitali inafanya makusudi kile ninachokifanya mimi kwa peroksaidi. Mkia mrefu ndio wanaoutaka.

Akanyamaza kidogo. "Sasa huu uyoga ukilinda, unalinda na uvimbe?"

"Kopo halisemi, mama. Wala ule utafiti kwenye simu hausemi, maana ulifanywa kwenye kioo."

"Lakini hauchagui."

"Kwenye kioo hauchagui."

"Basi ni kama mvua," akasema. "Inanyeshea mahindi, inanyeshea na magugu."

Nimesoma makala nyingi kuhusu vitu vinavyolinda DNA na sikumbuki ninapokuta tatizo limesemwa kwa uwazi kuliko hapo. Sisi huandika "kulinda" kana kwamba ni neno jema kwa asili yake, kama "kusamehe." Lakini kulinda ni kitendo kinachodai kuulizwa kinamlinda nani. Mwaka 2005 watafiti wa Quebec, Kanada, walitoa matokeo ya wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakipigwa mionzi. Baadhi walipewa vitamini E na beta-karotini. Hawa walipata madhara makali ya mionzi kidogo kuliko wenzao, yaani koo na midomo iliungua kidogo. Na kulikuwa na mwelekeo wa saratani yao kurudi mara nyingi zaidi. Mvua ile. Tena ukiwa mgonjwa, unachokihisi ni ule upande wa mahindi tu: mdomo hauumi, unakula, unawaambia watu dawa inafanya kazi. Magugu huyahisi kwa muda mrefu.

Nilimwambia Mama mdogo alibebe kopo kliniki, alitoe kwenye mkoba, aliweke juu ya meza ya daktari. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko biolojia yote. Wagonjwa wengi huficha wanachokunywa nyumbani kwa sababu wanaogopa kufokewa mbele ya watu, na wakati mwingine wana sababu ya kuogopa. Yeye alilitoa. Aliambiwa aliweke kando hadi mionzi iishe, kisha wazungumze. Kopo likapanda juu ya kabati.

Tangu hapo swali linalonisumbua si la uyoga tena. Ni la yule mama wa jumuiya na lile kopo na watu kama mimi: nani alimdanganya nani? Ukifuatilia mnyororo kiungo kwa kiungo, humpati mwongo. Mtafiti aliandika alichokiona, na mwisho wa makala akaongeza ile sentensi ya desturi, kwamba matokeo yanaashiria uyoga huu una uwezo wa kutumika kulinda afya. Kampuni ikainukuu ikaacha neno "yanaashiria." Mchapaji wa lebo akakosa nafasi. Muuzaji akaisoma kwa imani. Na mwisho wa mnyororo kuna mwanamke anayefikiria kumeza kinga siku ileile anayokwenda kuharibiwa kwa faida yake.

Waswahili wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya msema nusu ni ndefu mno. Inapita bandarini, inalipiwa ushuru, inapewa namba ya bidhaa.

Kant, ambaye alikataza uongo hata wa kumwokoa rafiki, aliwahi kuitumia njia hiyo. Mfalme Frederick William II wa Prussia alimkemea kwa maandishi yake ya dini, naye mwaka 1794 akaahidi kutoandika tena juu ya dini, akijitaja kama raia mtiifu kabisa wa Mfalme huyo. Mfalme akafa 1797. Mwaka uliofuata Kant akachapa, akaeleza kwamba maneno yale aliyachagua makusudi: ahadi ilimfunga kwa uhai wa mfalme huyo tu. Hakusema uongo. Alimwacha mfalme ajidanganye mwenyewe. Wapo wanaoona tofauti hiyo ni kubwa, na kwa mfalme mwenye jeshi na wachunguzi wa vitabu niko tayari kuikubali. Mfalme alikuwa na uwezo wa kuuliza swali la pili. Mama mdogo naye aliuliza swali la pili, lakini ni kwa bahati ya kuwa na mtoto wa dada yake maabara. Anayenunua kopo dukani hana wa kumuuliza, na aliyeandika sentensi anajua kwamba hana. Hapo ndipo ninapomwacha Kant. Kama najua maneno yangu yatajazwa nini kichwani mwa msikilizaji asiyeweza kuniuliza, basi na kile anachokijaza ni sehemu ya nilichosema.

Rafiki yangu mmoja, anayesomea falsafa, huniambia nampokonya mgonjwa matumaini. Mwache anywe, hata kama ni chai tu. Silipuuzi hilo. Nimekaa kwenye foleni ya kliniki ya saratani, najua matumaini yanavyokuwa haba pale. Lakini laki moja kwa Mama mdogo ni nauli ya kwenda na kurudi hospitali kwa wiki kadhaa, na mgonjwa anayeruka vipindi vya mionzi kwa kukosa nauli amepoteza kitu ambacho ushahidi wake si wa kwenye kioo. Rafiki yangu anazungumzia matumaini kana kwamba hayana bei.

Cha ajabu ni kwamba kwenye uyoga wa kula hatujawahi kuwa wazembe wa maneno hivi. Finland, nchi ileile ya vidonge vya karotini, kuna uyoga unaoitwa korvasieni ambao ukiliwa vibaya mwili huugeuza kuwa monomethilihaidrazini, kitu kinachotumika pia kwenye mafuta ya roketi na kinachojeruhi DNA. Unauzwa sokoni kihalali, lakini ni lazima uambatane na maelezo: chemsha, mwaga maji, suuza, chemsha tena. Na huku kwetu, ukienda na wazee kutafuta uyoga wa kichuguu mvua za kwanza zikinyesha, husikii mtu akisema "uyoga unaliwa." Utaonyeshwa huu, kwenye kichuguu hiki, wenye mzizi mrefu unaoshuka chini, si ule wa pale kwenye kinyesi, huu unapikwa hivi. Maarifa yanatolewa yakiwa na anwani. Uyoga wenye sumu una maelezo ya kurasa nzima, na wenye kuitwa dawa una sentensi moja isiyosema ni seli za nani, wapi, wala kwa kiasi gani.

Sasa naandika sura ya mwisho ya tasnifu, mahali panapotakiwa ile sentensi ya desturi. Msimamizi wangu hakunilazimisha chochote. Alisema tu kwamba wasomaji wa majarida hupenda kujua matokeo yana faida gani. Nimeandika: chembe nyeupe za damu ya watu wazima wenye afya, zilizokaa saa moja kwenye mchujo, zikaoshwa, kisha zikakutana na peroksaidi, zilikuwa na mikia mifupi kuliko zile ambazo hazikupewa mchujo, kipimo hiki hakionyeshi kinachotokea kwa mtu anayekunywa mchujo huo, wala kwa mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi. Mwenzangu wa maabara aliisoma akacheka. Alisema ina miguu mingi kama jongoo na hakuna atakayeinukuu.

Nimeipima kwa macho kwenye ubavu wa kopo la gramu mia. Haienei.